Kutoka Homa Bay Hadi Ahmedabad: Safari Yetu Katika Majira ya Sikukuu za Wahindi

Watu wa Homa Bay, Kendu Bay na Migori wamemjua Mhindi kwa muda mrefu, lakini wamemjua akiwa nyuma ya meza ya duka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara waliotoka pande za Gujarat walifuata, na kutoka Kisumu wakasambaa kandokando ya Ziwa wakiuza chumvi, majembe, nguo na mafuta ya taa, na kununua ngozi na simsim. Babu zetu walizijua bei zao na ukali wao katika hesabu. Jinsi wanavyofurahi, wanavyoomba na wanavyokaa na jamaa zao, hayo hawakuyajua, kwa kuwa yalifanyika nyuma ya pazia la duka.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 sisi tulijaliwa kuyaona hayo huko kwao, katika mji wa Ahmedabad, ingawa hatukwenda kutembea. Tulimpeleka mtoto wetu akatibiwe moyo, na majira ya sikukuu yakatukuta huko huko.

Binti yetu wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11. Alikuwa ameanza kuchoka kupita kiasi, na njia ya shule aliyozoea kuikimbia akawa anaipumzikia mara mbili, mara tatu. Usiku alilala ameketi, ameegemea mito. Tabibu wa Homa Bay alipoweka chombo chake kifuani alisikia sauti isiyo ya kawaida, akatupeleka Kisumu, na huko picha ya moyo ikaonyesha kwamba kilango kimoja cha moyo, kile ambacho madaktari hukiita vali, kilikuwa kimeharibika, damu ikawa inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Chanzo chake kilikuwa ugonjwa wa koo. Wazazi wengi hudhani kuumwa koo ni jambo dogo la kutibiwa kwa chai ya tangawizi, lakini mtoto akipata vijidudu vya aina fulani kooni asipewe penisilini, mwili wake waweza kupigana navyo hata ukauumiza moyo wenyewe. Kwanza viungo huvimba na kuuma, kisha maumivu hupoa na watu husahau. Kumbe moyo umekwisha kuumia. Madaktari huuita ugonjwa huo baridi yabisi ya moyo. Huwapata zaidi watoto na vijana wa nchi kama zetu, ambako wengi hulala chumba kimoja na dawa huchelewa. Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu hata mimi, karani mwenye kusoma magazeti kila siku, sikuwahi kuyasikia kabla hayajaingia nyumbani kwangu.

Upasuaji wa namna hiyo hufanywa Nairobi pia, lakini zamu yetu ilikuwa mbali na mtoto alikuwa akizidi kudhoofika. Shemeji yangu mmoja huko Migori alikuwa amempeleka mwanawe Ahmedabad akarudi mzima, naye ndiye aliyetushauri. Basi tukafanya harambee mbili. Ya kwanza ilifanyika Migori, kwa wakwe zangu, na ya pili Homa Bay katika uwanja wa kanisa. Walichanga walimu, wavuvi, akina mama wauza omena, na vijana wanaochimba dhahabu kule Nyatike, ambao hawakunijua mimi wala mtoto wangu. Kila senti iliandikwa katika daftari, na daftari hilo nililibeba safarini kama nilivyobeba pasi.

Hapo tukapambana na adui ambaye mkulima hamwoni shambani. Hospitali zile hutoa hesabu yake kwa dola. Mwezi wa Januari mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi kama 123, na mwezi wa Oktoba ilikuwa imekaribia shilingi 150. Fedha tulizochanga mwanzoni mwa mwaka zilikaa benki bila kuguswa, hata hivyo zilipungua kila juma. Mke wangu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili kuziba pengo.

Msomaji mwenye haja kama yetu na ajue mambo mawili kabla ya kusafiri. Serikali ya India hutoa hati maalumu ya kuingia kwa mgonjwa, inayoombwa kwa njia ya kompyuta, na huruhusu watu wawili wamfuate kwa hati za wasindikizaji. Tena atokaye Kenya hana budi kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Asiye nacho aweza kutengwa siku kadhaa mara ashukapo. Tulimwona bwana mmoja katika foleni akipekua mifuko yake yote akikitafuta cheti hicho huku jasho likimtoka.

NJIANI

Kutoka Nairobi hadi Mumbai ndege huruka muda wa saa sita hivi, na huko saa zao zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu; hiyo nusu ilimkasirisha sana binti yetu, aliyesema kwamba saa ni kitu kizima. Kutoka Mumbai tulipanda treni kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita karibu 500. Nchi ile ni tambarare na ya mashamba: pamba, mtama, tumbaku na miwa. Tulipita Anand, nami nikasimama dirishani, kwa kuwa wakulima wa pande zile walianzisha mwaka 1946 chama cha ushirika cha maziwa kinachojulikana ulimwenguni kwa jina la Amul. Mwenye nyati mmoja au ng'ombe wawili hupeleka maziwa yake kituoni asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta yake, akalipwa kwa kadiri ya kipimo. Na vijiji vya jirani na hapo ndivyo walikotoka Wapatel wengi waliokuja Kenya. Abiria mwenzetu aliposikia tunatoka upande wa Kisumu alitaja ukoo mzima wa jamaa zake waliowahi kuwa na maduka katika Nyanza, kana kwamba Nyanza ni kijiji cha pili baada ya chake.

Mji wa Ahmedabad ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kando ya mto Sabarmati. Katika hesabu ya mwaka 2011 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5, na mwaka 2017 mji wake wa kale, ule uliozungukwa na ukuta, uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kelele zake siwezi kuzieleza. Pikipiki, bajaji, ngamia wa mikokoteni, ng'ombe waliolala katikati ya njia bila hofu, na honi zinazopigwa usiku na mchana. Pombe hakuna, jimbo la Gujarat limeipiga marufuku tangu lilipoundwa mwaka 1960. Najua wako wasomaji wa kwetu watakaoufunga ukurasa hapa.

Mara ya kwanza kupimwa hospitalini ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Oktoba. Daktari alisema mtoto hawezi kupasuliwa mara moja. Lazima kwanza meno yake mawili mabovu yang'olewe, kwa maana uchafu wa kinywani huweza kuingia katika damu na kukaa kwenye vali. Tena alikuwa na kifua, ambacho kilitaka dawa ya siku kadhaa. Tungoje, akasema, hata baada ya Navaratri. Siku hiyo neno hilo kwetu lilikuwa na maana moja tu: siku za kungoja, na kila siku ina kodi yake.

Na kodi yenyewe ilikuwa imepanda. Siku ya pili yake, Jumamosi tarehe 14, India na Pakistan walikuwa wakicheza kriketi ya Kombe la Dunia katika uwanja wa mji huo, wenye viti 132,000. Mchezo huo ulikuwa umepangiwa tarehe 15, ukasogezwa siku moja kwa ajili ya sikukuu. Vyumba vya kulala wageni vilijaa, na bei zake zikapaa kiasi kwamba tangu mwezi wa Julai magazeti ya India yalikuwa yameandika habari za mashabiki waliotaka kulipia vitanda vya hospitali wapate mahali pa kulala. Mwenye nyumba tuliyopanga alitutaka tulipe mara tatu kwa siku mbili hizo au tutoe mizigo yetu.

Mke wangu alikuwa dukani akinunua dawa, akinieleza msiba huo kwa Kijaluo, ndipo mzee mmoja mwenye mvi, aliyevaa shati jeupe, alipogeuka akasema, "Idhi nadi?" Tulishtuka. Alikuwa amezaliwa Kendu Bay mwaka 1941, katika nyumba za nyuma ya duka la baba yake. Baada ya sheria za mwaka 1967 kuwawekea masharti ya leseni wafanyabiashara wasio raia, jamaa zake wengi walikwenda Uingereza, lakini baba yake alisema amechoka na nchi za watu, akarudi Gujarat mwaka 1968. Kijaluo chake kilikuwa kile cha wazee wetu, chenye maneno ambayo mimi mwenyewe niliyasikia kwa bibi yangu tu. Tulimwita Jaduong', akacheka hata machozi yakamtoka. Jioni hiyo alikwenda kwa mwenye nyumba wetu akazungumza naye Kigujarati muda mrefu. Sijui alisema nini. Bei haikurudi pale ilipokuwa, lakini ilishuka kiasi cha kutuwezesha kukaa, na nduguye mwenye nyumba akaongeza godoro.

MIKESHA TISA

Navaratri maana yake ni usiku tisa, yaani siku tisa za kukesha kwa heshima ya mungu wa kike ambaye Wahindu humwita Mama. Mwaka ule ilianza Jumapili, tarehe 15. Ziko viwanja vikubwa ambako watu hulipa kiingilio na wapiga muziki hupanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu, lakini Jaduong' alituambia kwamba huko ni kwa vijana wa kupiga picha. Alitupeleka kwao, katika mtaa wa mji wa kale wa aina iitwayo pol. Pol ni kichochoro chenye lango lake, nyumba zake ndefu za mbao zilizochongwa, na nguzo yenye kijumba cha kuwalishia ndege. Zamani lango lilifungwa usiku, na watu wa ndani walikuwa kama boma moja.

Katikati ya kichochoro uliwekwa mtungi wa udongo uliotobolewa matundu madogo, na ndani yake taa. Wanawake wakauzunguka. Walianza polepole, wakipiga makofi na kuinama, kisha duara likaongezeka, vijana wakaingia, duara la pili likazaliwa nje ya la kwanza, sketi pana zenye vioo vidogo zikazunguka na kumeta kama maji ya Ziwa wakati wa jua kuzama. Ngoma hiyo huitwa garba, na neno lenyewe linatokana na neno la kale la tumbo la uzazi. Bibi wa miaka sabini alicheza karibu na mjukuu wake, na fundi wa bomba karibu na mwanasheria. Jaduong' alinionyesha kila mmoja na kazi yake. Mke wangu aliitwa aingie. Walimwita "ben", maana yake dada, na kila mtu katika mtaa ule huitwa hivyo au "bhai", yaani kaka. Alikosea hatua mara mbili, mara ya tatu akashika. Binti yetu aliketi kitini akipiga makofi, kwa kuwa alikatazwa kucheza, na wasichana wa rika lake walikuja zamu zamu kuketi naye ili asiwe peke yake.

Hata saa nne za usiku ngoma ilisimama kwa maombi. Sahani yenye taa ilizungushwa, watu wakamsifu Mama kwa jina lake, na jina hilo lilikuwa Ambe. Mke wangu akanigeukia, nami nikajua anawaza ninayowaza.

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia hadithi kwamba neno letu la harambee lililetwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli, ambao walipoinua vyuma vizito waliliita jina la Ambe ili wapate nguvu. Wengine hukataa kabisa, wakisema kwamba ni neno la wachukuzi na mabaharia wa pwani, la kuvutia kamba pamoja, lililokuwapo kabla ya reli. Wako pia Wakristo wa Kenya walioona vibaya neno hilo kuandikwa katika ngao ya taifa, kwa sababu ya hadithi ile ya kwanza. Mimi si mtaalamu wa lugha, na jambo kama hilo haliamuliwi na karani aliyesimama kichochoroni. Nilimwuliza Jaduong', naye akajibu kwamba baba yake alikuwa akichangia harambee za shule huko Kendu Bay bila kuuliza neno limetoka wapi. Aliuliza fedha zimekwenda wapi tu. Jibu hilo lilinipendeza, nikalipapasa daftari langu mfukoni.

Tulikwenda katika mtaa ule siku tano kati ya tisa. Furaha hiyo ina hatari zake, nayo haikufichwa: magari ya wagonjwa yaliwekwa karibu na viwanja vikubwa, na magazeti yalitoa habari za watu, wengine vijana, walioanguka wakicheza wakafa kwa moyo. Kwa wazazi waliokuwa wakimngojea mtoto wao apasuliwe moyo, habari hizo hazikuwa za kusoma mara mbili. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo UNESCO, katika mkutano wake uliofanyika Kasane nchini Botswana, iliiandika garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa mila za wanadamu, na binti yetu alikata habari hiyo gazetini akaibandika.

Mambo ya chakula ni mafupi. Jamii tuliyokaa nayo haili nyama wala samaki, na sisi ni watu wa Ziwa. Siku ya nne binti yetu alimwota mbuta. Lakini tulipewa mkate wa uwele, na hapo tulifurahi, kwa sababu uwele, mtama na wimbi ni mazao yaliyotoka Afrika yakavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Wimbi hasa lilianza kulimwa katika nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda. Mwaka 2023, kwa ombi la India, Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa nafaka hizo duniani. Kwetu vijana huona ugali wa wimbi ni chakula cha wazee.

MTI WA MAWE NA PAMBA YA ZIWA

Siku moja mtoto alipokuwa na nguvu kidogo tulikwenda kuuona msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, nao umezungukwa na magari pande zote. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573, katika siku za mwisho za usultani wa Gujarat, na Sidi Saiyyed aliyeujenga alikuwa Mwafrika, Mhabeshi aliyepata cheo na mali katika nchi ile. Madirisha yake hayana vioo. Ni vipande vya jiwe vilivyotobolewa, na katika kimoja mchongaji ametengeneza mti ambao matawi yake yanapindana na kusukana hata huwezi kusema tawi lipi linatoka wapi, na mwanga wa jua hupita katikati ya majani. Chuo maarufu cha usimamizi wa biashara cha mji huo kimeuchukua mti huo kuwa alama yake. Mtu yeyote wa Ahmedabad anaujua mti huo, lakini si wote wanaojua kuwa aliyeujengea nyumba alikuwa mweusi kama sisi.

Wazao wa Waafrika wapo Gujarat mpaka leo. Huitwa Wasidi. Wengine walifika wakiwa askari na mabaharia, na wengi walichukuliwa utumwani kutoka pwani zetu. Ngoma yao huiita goma, na msomaji hahitaji mkalimani. Nalitamani kufika vijijini kwao, lakini hali ya mtoto haikuturuhusu.

Sitaki kueleza mji huo kana kwamba kila mtu alitupokea kwa mikono miwili. Walikuwako waliotukodolea macho, waliosogea mbali katika basi, na mwenye chumba mmoja aliyesema kimejaa kabla hatujauliza. Na mwezi wa Machi mwaka 2024, sisi tukiwa tumekwisha rudi, tulisoma kwa huzuni kwamba wanafunzi wa kigeni, wakiwamo Waafrika, walishambuliwa bwenini katika Chuo Kikuu cha Gujarat walipokuwa wakisali wakati wa Ramadhani.

Nirudi kwenye pamba, kwa kuwa wengi wa wasomaji ni wakulima. Kiwanda cha kwanza cha nguo cha Ahmedabad kilianzishwa mwaka 1861 na Ranchhodlal Chhotalal, na baadaye mji ukawa na viwanda vingi hata ukaitwa Manchester ya India. Pamba ya nchi za Ziwa, hasa ya Uganda, ilinunuliwa sana na viwanda vya India, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu. Wahindi ndio waliokuwa na vinu vingi vya kuchambulia pamba upande wetu. Leo vingi vya viwanda vile vya Ahmedabad vimefungwa; vilianza kuanguka katika miaka ya 1980, na mabomba yake marefu ya moshi yamesimama juu ya nyasi. Nilipoyatazama niliwakumbuka wazee wa Homa Bay na Kendu Bay wanaosimulia jinsi walivyopanga foleni na magunia yao ya pamba, nao hawakujua kwamba mwenzao wa upande wa pili naye alipoteza kazi. Biashara ya nguo haikufa, ilihama. Katika mji mdogo wa Jetpur, kusini-magharibi mwa hapo, huchapishwa kanga na vitenge vya kupelekwa Afrika Mashariki. Mke wangu alikuwa amejifunga leso aliyoinunua sokoni Migori, na mwenye duka mmoja aliishika pindo, akaipindua, akasema imetoka huko.

Dhahabu nayo ina soko lake, Manek Chowk. Asubuhi mahali hapo huuzwa mboga, mchana huuzwa vito na dhahabu, na usiku meza huondolewa pakawa pahali pa kula. Tulipita mchana. Nilipowaona wanawake wakipimiwa bangili za harusi niliwafikiria wale vijana wa Nyatike waliotuchangia, ambao huosha mchanga wao kwa zebaki bila glavu mikononi, na zebaki ni sumu. Bei iliyoandikwa pale ukutani hawajapata kulipwa.

SIKU YA HESABU

Tarehe 24 ilikuwa Dussehra, siku ya kufunga sikukuu. Sanamu kubwa za mfalme mwovu Ravana zilichomwa moto, na tangu alfajiri watu walipanga foleni kununua fafda na jalebi, chakula cha chumvi na chakula cha sukari katika karatasi moja. Kesho yake mtoto alilazwa, na Alhamisi tarehe 26 akapasuliwa.

Hospitali ilitaka watu wa kutoa damu ili kujaza ile ambayo mtoto angetumia. Mimi nilitoa, mke wangu alikataliwa kwa upungufu wa damu. Jaduong' alikuja na vijana wawili wa mtaa wake, wale wale waliokuwa wakipiga ngoma usiku, macho yao bado mekundu kwa kukesha. Mmoja alikuwa mwoga wa sindano akatazama ukutani muda wote. Upasuaji ulichukua saa tano. Daktari alipotoka alisema hawakuweka vali ya bandia. Wameitengeneza ile ile yake, ambayo ni bora kwa mtoto, kwani mwenye vali ya chuma hana budi kunywa dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Mke wangu aliketi sakafuni. Mimi nilifungua daftari nikaandika saa.

Alitoka hospitalini tarehe 4 Novemba, na Diwali ilikuwa Jumapili tarehe 12. Taa ziliwekwa kila kizingiti, na fataki zilipigwa hata moshi ukafunika mji. Tuliambiwa tufunge madirisha na mtoto asitoke, naye alitazama kwenye kioo. Lakini jambo lililonipendeza mimi zaidi halikuwa la nje. Siku ya Diwali wafanyabiashara wa Gujarat huvileta vitabu vipya vya hesabu, vyenye majalada mekundu, vikawekwa mbele ya mungu wa mali vikaombewa, kisha mwaka mpya ukaanza kwa ukurasa safi. Mtoto wa Jaduong' aliweka kompyuta yake juu ya kitambaa chekundu, kwa kuwa hesabu zake zote zimo humo, na Jaduong' akaweka kando yake kitabu kimoja cha karatasi, maana haiamini kompyuta. Kisha akaomba daftari langu. Nilisita, kwa kuwa mimi ni Mkristo na sikutaka lipitishwe katika ibada isiyo yangu. Alielewa kabla sijasema neno. Hakuliweka mezani, alilishika mikononi, akapitisha kidole chake katika safu za majina, akatafuta ya watu wa Kendu Bay.

Tuliondoka tarehe 16, siku tatu kabla ya fainali ya kriketi kuja kupandisha tena bei za vyumba. Katika mwezi wa Desemba nilisoma hesabu mbele ya waliochanga, kwanza Homa Bay na kisha Migori: nauli, chumba, meno, vipimo, upasuaji, dawa, na tofauti iliyoletwa na dola, ambayo ilinichukua nusu saa kuieleza. Mzee mmoja wa Migori aliuliza kama ni kweli watu hao hukaa siku tisa bila samaki. Nilimwambia wengine hukaa maisha yao yote, naye hakuniamini.

Binti yetu sasa hukimbia njia nzima ya shule. Kila baada ya majuma manne huchomwa sindano ya penisilini zahanati, ili ugonjwa wa koo usirudi ukaiharibu tena vali, na ataendelea hivyo miaka mingi. Kadi yake imetundikwa ukutani karibu na kalenda. Mwenye kuikumbuka kuliko sisi sote ni nduguye mdogo, kwa sababu siku ya sindano wote wawili hununuliwa mandazi.